Barua ya wazi: Niliwapangisha filamu, sikuwauzia

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Vipindi na Idara ya Mahesabu,
Kituo cha televisheni ambacho sikitaji jina ila wenyewe mnajijua,
Dar es Salaam.

YAH: DENI LA SHILINGI MILIONI 4.3 NA FILAMU YANGU ILIYOGOMA KURUDI NYUMBANI

Waheshimiwa, shikamooni kwa mlionizidi umri, na kwa rika langu habari za kazi. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua ya tano. Nne za kwanza nilizileta kwa mkono, mpaka mlinzi wenu wa getini sa hivi akiniona nashuka kwenye bodaboda anaanza kucheka, "dada leo umeleta na nyingine?" Mbili kati ya hizo zina muhuri wenu wa kupokelewa. Majibu ya maandishi sijapata hata moja, kwenye WhatsApp nimeambiwa "tupo kwenye mchakato" mara sita, baada ya hapo ni tiki za bluu tu. Ndo maana leo naandika hadharani.

Niseme kilichonifikisha huku. Novemba 2025 nilikuwa kwenye basi naenda Dodoma msibani, tumetoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa 12 asubuhi, hatujafika Chalinze konda akachomeka flash kwenye TV ya mbele. Mimi nimeegemea dirisha nasinzia, nikasikia mawimbi, alafu mwanamke anapiga chafya. Chafya ile naijua. Tuliirudia mara 11 Feri saa 10 alfajiri kwasababu moshi wa kukaangia samaki ulikuwa unamwingia kweli yule dada, na ile tuliyoiweka kwenye filamu hakuigiza, ilimtoka. Nikafumbua macho, ni filamu yangu, na kona ya juu kulia nembo yenu imetulia. Basi zima linaangalia. Ilipoisha kijana wa siti ya pembeni akasema "movie kali hii, ila mwisho imekatika ghafla." Sikumjibu, ningeanzia wapi.

Kwa wasomaji wengine wasiojua tulikotoka: Machi 2024 nilisaini na hawa waheshimiwa mkataba wa leseni. Nasisitiza leseni, maana ugomvi wote uko hapo. Filamu, ile ya mama muuza samaki, ni yangu, wao wanairusha kwenye televisheni, Tanzania tu, mwaka mmoja kuanzia siku ya kwanza kuonyeshwa, marudio yasizidi manne, kwa shilingi milioni 9. Ikionyeshwa kwa njia nyingine yoyote tukubaliane kwanza kwa maandishi. Ni kama kumpangisha mtu chumba na sebule, amelipa kodi akae, muda ukiisha arudishe funguo. Ilirushwa mara ya kwanza Juni 2024. Juni 2025 mpangaji alitakiwa atoke. Hajatoka, na kitasa kabadilisha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hela.

Malipo yalikuwa mafungu matatu. Asilimia 30 siku ya kusaini, hiyo milioni 2.7 mlilipa na nawashukuru. Asilimia 40 nikikabidhi filamu na mafundi wenu wakiipitisha, yaani milioni 3.6, mkalipa milioni 2 tena baada ya miezi minne, na kabla ya hapo mafundi walinirudisha mara mbili nikashushe sauti, nikamlipa fundi wa studio mara mbili bila kulalamika maana nilijua ni haki yenu kupokea kitu safi. Asilimia 30 ya mwisho siku 60 baada ya kurushwa, yaani Agosti 2024. Hiyo sijaona hata senti. Jumla mnanidai mimi sifuri, mimi nawadai milioni 4.3.

Najua kwenye ofisi yenye kiyoyozi milioni 4.3 inaonekana hela ya kusubiri. Ngoja niwaonyeshe ilikuwa hela ya nini.

Filamu yangu ya pili inapigwa Kunduchi ufukweni. Ile sehemu yake kubwa inataka maji yamekupwa kabisa, wanawake wanatembea mbali mpaka nchi kavu inaonekana kama kitambaa nyuma yao, na maji ya kukupwa namna hiyo unayapata kwenye bamvua tu, zile siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Kwahiyo ratiba yetu haikupangwa na mimi, ilipangwa na mwezi. Tukachagua bamvua ya mwisho wa Januari 2025, kaskazi inavuma, mvua za masika bado. Kila kitu kikapangwa kuanzia hapo kwenda nyuma: skripti ilishapelekwa Bodi ya Filamu kwa ajili ya kibali, serikali ya mtaa tumeshawaandikia, boti imeshalipiwa kianzio, lenzi nimeshaweka advansi ya laki 6 Sinza. Na hela ya kumalizia ni fungu lenu la tatu, ambalo kwa mkataba lilitakiwa liwe limeshaingia miezi mitano kabla.

Watu watasema mtu mzima hapangi bajeti kwa hela ambayo haijaingia. Sawa. Lakini sisi tusio na kampuni kubwa nyuma yetu tunapangaje vingine? Ukienda kukopa popote wanakuuliza hela itarudi kwa njia gani, na karatasi pekee niliyokuwa nayo yenye jina kubwa na muhuri ni mkataba wenu. Niliupeleka kwenye kikoba chetu, nikawaonyesha wenzangu ile tarehe ya malipo kwa kidole, wakanipa mkopo kwa kuiamini nembo yenu, sio sura yangu.

Bamvua ikaja ikaondoka. Advansi ya lenzi ikaliwa, kianzio cha boti kikaliwa. Lakini hivyo mtu unaweza kuvitafuta tena. Kuna mtoto wa miaka 6 tuliyempata baada ya kuzunguka shule tatu, kang'oka meno mawili ya mbele, na skripti yote inazunguka lile pengo, kuna mahali anataka kumuita bibi yake kwa mluzi na mluzi hautoki, unatoka upepo. Mwezi wa tatu mama yake akanitumia picha, mtoto anacheka, meno yote mawili yameota, makubwa kama ya sungura. Nikafurahi kwa ajili ya mtoto alafu nikakaa chini. Idara ya Mahesabu, hayo meno nayo nayaandikia invoisi ya namna gani?

2. Kuiweka YouTube.

Kwenye chaneli yenu ya YouTube filamu yangu ipo nzima tangu Septemba 2024. Hatujawahi kukubaliana, si kwa maandishi wala kwa mdomo, niliigundua mwenyewe. Pale matangazo yanapita, na hela za matangazo zinaingia kwenu. Leseni ya televisheni imeisha Juni 2025 na kule bado ipo. Kwenye runinga nako hamkuishia marudio manne, dada yangu ana daftari amenihesabia tisa, na yeye sio kwamba anawaangalia kila siku.

Mtaniambia konda wa basi ni mwizi na nyie pia mmeibiwa. Ni kweli, sikatai, na ningependa siku moja tuongee kuhusu vibanda vya kujaziwa flash Kariakoo mpaka Mbagala. Lakini kopi ile ina nembo yenu kwa kuwa imeshushwa kutoka kwenye chaneli yenu. Mlango mmeuacha wazi nyie, tena kwenye nyumba isiyo yenu.

Hasara yake ni hii. Kuna mnunuzi wa filamu kutoka Nairobi tulikutana ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, Ngome Kongwe pale, akaipenda filamu, tukaanza mazungumzo ya Kenya na Uganda. Watu wa aina hiyo kabla ya hela wanataka karatasi: uthibitisho nani ana haki, mkataba wa mwandishi wa skripti, mikataba ya waigizaji wote, ruhusa ya muziki kwa pande zote mbili, aliyetunga wimbo na mwenye ile rekodi yenyewe. Nilikuwa nazo zote. Najivunia hilo, tulisainisha mpaka mama ntilie aliyepita nyuma ya kamera akaonekana sekunde nne. Baada ya wiki akaniandikia mstari mmoja, "dada, filamu ipo bure YouTube, sisi tunanunua nini?" Kesi ikaisha hapo.

Nyie ni watu wa mitandao, mnajua nikiiripoti itashushwa na chaneli yenu itapata onyo. Mkipinga, mimi napewa siku 10 za kazi kuonyesha nimeenda mahakamani. Maonyo matatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa, na pale kuna kazi za waandaaji wenzangu kibao ambao pengine wanategemea kuonekana. Ndo sababu sijabonyeza mpaka leo. Msidhani sijui kilipo kitufe.

3. Majina.

Yule kijana wa basi hakukosea, mwisho umekatwa. Mmekata dakika mbili na nusu za majina ili iingie promo yenu. Watu 43. Yupo fundi wa sauti aliyekaa kwenye boti kashika maiki, katapika mara tatu baharini na maiki haijatikisika. Yupo mama aliyetupikia siku 11 kwa mkopo. Wengine tuliwalipa nusu, nusu nyingine tukawaahidi jina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inampa mtunzi haki ya kutajwa kwenye kazi yake, na hiyo haki haiondoki hata akiuza. Lakini kabla ya sheria, ni adabu tu.

4. Mkataba mpya.

Hapa naomba mnisikilize taratibu maana ndo pameniuma kuliko kote.

Baada ya barua ya tatu nikapigiwa simu, njoo kuna hela yako. Nikavaa, nikapanda mwendokasi mpaka mjini, nikawekewa mezani kurasa 14 za Kingereza. "Saini hapa dada, ni taratibu tu, ndo mfumo utoe malipo." Nikasema naomba niende nazo nyumbani. Yule kijana akashtuka kidogo, akasema wengine huwa wanasaini hapahapa.

Nimekaa nazo na kamusi usiku mbili, alafu nikampelekea wakili, rafiki wa kaka yangu, kanifanyia bei ya ndugu. Kumbe zinasema kwamba kwa kupokea milioni 4.3 mimi nawakabidhi haki zote za filamu, dunia nzima, milele, kwa njia zote zilizopo na zitakazokuja kubuniwa, pamoja na haki ya kuibadilisha na kutengeneza mwendelezo. Yaani hata yule mama muuza samaki, mhusika niliyemtoa kwa shangazi yangu, angekuwa wenu. Na hiyo milioni 4.3 ni ileile mnayodaiwa tayari! Mpangaji hajalipa kodi, anakuja na karatasi anasema nitakulipa deni ukiniandikia nyumba.

(Huyo wakili aliniuliza pia kama ule mkataba wa kwanza niliulipia ushuru wa stempu. Nikamwangalia. Akanieleza kuwa mkataba usio na stempu ukifika mahakamani unaleta shida kupokelewa kama ushahidi. Nimeshakwenda kuulipia. Waandaaji wenzangu mnaosoma hapa, kaangalieni ya kwenu.)

Wakubwa zetu wa filamu walibeba masta, yaani kopi mama ya filamu, kwenye begi mpaka Kariakoo, wakapewa hela mara moja, wakasaini wasichokisoma, wakarudi nyumbani na hela ya kodi ya miezi sita. Tulisema ni kwasababu walikuwa hawajui, ni enzi za CD. Mwigizaji Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, na mpaka leo filamu zake zinaangaliwa, filamu sio gazeti kwamba kesho tunafungia maandazi. Sheria hiyohiyo ya 1999 inailinda kazi ya filamu kwa miaka 50. Ya kwangu imetoka 2024, inalindwa mpaka 2074. Mnataka miaka 50 kwa bei ya mwaka mmoja, tena mwaka wenyewe hamjaumalizia kulipa.

Na Kingereza cha nini? Wote pale mezani tulikuwa tunaongea Kiswahili, filamu ni ya Kiswahili, matangazo yenu ni ya Kiswahili, kila Julai 7 mnapamba studio kwa khanga mnasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu 2021 sheria imeshaifanya lugha hii kuwa ya sheria na mahakama nchini. Ikifika kwenye karatasi ya kumnyang'anya mtu haki yake ndo mnakumbuka Kingereza.

5. Kodi ya zuio.

Kwenye malipo mawili mliyonipa mlikata kodi ya zuio. Hamjawahi kunipa cheti chake. Kisheria hela hiyo mnatakiwa muipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha na mimi nipewe cheti, maana ni kodi yangu, naihitaji kwenye mahesabu yangu. Kama mmeipeleka, cheti kiko wapi? Kama hamjaipeleka, mimi sitii neno.

Sasa najua mtakayosema. Mtasema wadhamini na wao hawajawalipa. Poleni, lakini mkataba wangu haujataja mdhamini yeyote, na mimi mama wa chakula sikumwambia asubiri televisheni ilipwe na kampuni ya sabuni. Mtasema mtu wa mahesabu amebadilika, sasa mafaili si yapo? Mtasema YouTube imenitangaza, jina limekua. Jina gani na mmelikata? Mtasema kila prodyuza anasaini ule mkataba mpya, na hapo ndo mnanitisha zaidi kuliko kunituliza.

Kuna lingine niliambiwa kwa sauti ya chini kwenye korido, kwa nia njema kabisa nadhani: "dada utajiharibia, hutauza tena kwa mtu." Inawezekana. Nimelifikiria sana hilo, ndo maana barua nne zilikuja kimyakimya getini. Mimi pia nina makosa yangu, sikuweka kwenye mkataba riba ya kuchelewesha, sikuweka nafanyaje mkipitiliza muda, sikuwa na wakili siku ya kusaini kwasababu nilihofia mtaniona mjuaji. Haya yangu nimeyabeba. Ya kwenu bebeni.

Ninachoomba, ndani ya siku 14 kuanzia leo: mnilipe milioni 4.3 kwa mkataba wa zamani, bila kusaini kitu kipya chochote. Muishushe filamu YouTube na muiondoe kwenye ratiba. Mnipe hesabu ya maandishi, imerushwa mara ngapi na YouTube imeingiza shilingi ngapi, alafu tukae tugawane kwa haki, sina tamaa. Vyeti vya kodi. Na siku mkitaka kuionyesha tena, tusaini leseni nyingine, ya Kiswahili, yenye mwanzo na mwisho, na majina 43 yapite yote mpaka la dereva wa bajaji. Nipo tayari kabisa kufanya kazi na nyie, mafundi wenu ni wazuri na watu wa vijijini wanawaona nyie kabla ya mtu mwingine yeyote, hilo nalijua.

Siku 14 zikiisha kimya, wakili ataleta notisi ya madai, mimi nitakwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na cheti changu cha usajili wa filamu, na kile kitufe cha YouTube nitakibonyeza.

Jumatatu saa 4 asubuhi nitakuwa pale mapokezi. Mlinzi ananijua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzalishaji wa ile filamu ya muuza samaki,
Tabata Kimanga, Dar es Salaam.

Nakala:
Wanakikoba wenzangu, wanaoniuliza kila Jumapili.
Mama wa mtoto wa meno.
Fundi wa sauti.